Kitabu cha Kumpelekea Binti Wodini

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kunyolea, na kwa kuwa mimi ndiye kinyozi, kila linalosemwa pale nalisikia, hata mashine ikinguruma sikioni mwa mteja. Kuna Karani, aliyeandika mashauri mahakamani hadi akastaafu, na mpaka leo huongea kama anawasomea watu hukumu. Kuna Gundi, fundi viatu, ambaye akishauganda ubishi haachii. Kuna Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kutugombeza bure. Na kuna Breki, dereva wa malori mstaafu, ambaye asubuhi ile alikuja kachelewa, akakaa pembeni, akashika kikombe bila kunywa.

— Kahawa inapoa hiyo, Mama Birika akamwambia. Binti anaendeleaje?

Sote tulijua habari za binti. Ni mtoto wake wa pekee. Mimba mbili zilishatoka, na hii ya tatu imefika mwezi wa sita. Daktari kamlaza wodini, asinyanyuke ila kwenda msalani, mpaka ajifungue.

— Yupo, Breki akasema. Anahesabu mbao za dari. Jana kaniambia, "Baba, nitafutie kitabu. Nikiendelea kulala hivi na mawazo yangu, nitawehuka." Nikaitikia. Nimetoka pale najiuliza, kitabu gani? Mimi nimezoea kusoma vibao vya barabarani.

— Hilo umelileta kwa wenyewe! Karani akaweka miwani sawa. Mpelekee kile cha hakimu aliyeletewa kesi ya ndugu yake wa damu. Nimekisoma mara nne. Kurasa mia tano na ushei.

— Mtu kalala chali, Gundi akadakia, unampa tofali alishike juu ya uso? Likimponyoka je?

— Atasoma kwa ubavu.

— Ubavu wa kushoto, Mama Birika akasema. Mjamzito hulalia kushoto.

— Wa kushoto, sawa. Tena mtoto tumboni anasikia. Mama akisoma mambo ya sheria miezi mitatu, mtoto anazaliwa anajua haki zake.

— Atatoka anadai dhamana! Gundi akasema.

Tukacheka. Hata Breki midomo ilimcheza kidogo. Gundi akaweka chini kiatu alichokuwa akikisugua.

— Mimi nina kitabu kimoja tu duniani, nakitunza kama mboni ya jicho. Hakina jalada. Kurasa kumi na tisa za mwanzo zimeng'oka. Ninapoanzia, jamaa tayari yuko ndani ya kisima, kamba imekatika.

— Aliingiaje?

— Sijui! Ndiyo utamu wenyewe. Mwaka wa kumi na moja huu najiuliza. Sasa sikia, Breki. Kitabu cha namna hiyo kinambana mtu. Nani anatoka katikati ya hadithi? Mama hatoki, na mtoto hatoki. Atangoja ajue kama jamaa kapona.

— Yaani unazuia uchungu kwa hadithi? nikauliza kutoka mlangoni.

— Daktari anazuia kwa sindano, mimi kwa kisima. Tofauti iko wapi?

— Tofauti ni cheti, Karani akasema.

Mama Birika akapiga kifuniko cha birika, kwaa!

— Nyie mnataka kumpandisha presha mtoto wa watu. Mara mahakama, mara visima! Breki, nitakupa changu cha ufugaji wa nyuki.

— Nyuki?

— Ndiyo, nyuki. Sina mzinga hata mmoja, lakini nimekisoma mpaka kimelegea. Malkia hapiki, hafagii, hachoti maji. Amekaa humo ndani, na mzinga mzima unamlisha na kumsafisha. Na hakuna nyuki anayemwita mvivu. Binti asome hicho, ajue kwamba kulala kwake ni kazi.

Karani akatikisa kichwa taratibu.

— Hiyo ningeiingiza kwenye kumbukumbu za mahakama.

— Ila nyuki wanauma, Gundi akasema. Mtoto atazaliwa anang'ata.

Basi ikawa vurugu. Karani akasema karatasi nyeupe sana humchosha mjamzito, zitafutwe zilizopauka. Gundi akadai kitabu kikisomwa kinyumenyume, kuanzia ukurasa wa mwisho, mtoto hugeuka akatanguliza kichwa. Nilipomuuliza kasikia wapi, akasema mambo mengine hayahitaji kusikiwa.

Wakati huo alikuwa amesimama mbele ya Gundi mama mmoja tusiyemjua, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, mkanda umekatika. Amengoja zamu yake kwa adabu, na bila shaka amesikia yote.

— Samahani jamani, akasema. Kisha akamgeukia Breki. Shikamoo, mzee. Kwani binti mwenyewe anapenda kusoma nini?

Tukamtazama Breki sote. Breki akafungua mdomo.

— Anapenda...

Nikazima mashine. Mteja wangu naye akageuza kichwa, nusu kimenyolewa, nusu bado.

— Kundi lake la damu nalijua, Breki akasema. Kiatu anavaa namba thelathini na nane. Nilikuwa nikirudi safari namkuta kakaa mlangoni, kitabu usoni. Kila mara. Nampita, naingia kulala. Jalada sijawahi kulitazama hata siku moja.

Gundi akaichukua ile kandambili, akaanza kushona bila hata kuuliza inataka nini. Breki akainuka.

— Unakwenda wapi?

— Kumuuliza.

— Saa ya kuona wagonjwa bado!

— Nitangoja getini.

Kesho yake alifika kabla sijafungua kibanda. Kwapani ana kitabu, machoni kavaa miwani ya kusomea ya mkewe, fremu ya zambarau. Siku nyingine tungemcheka. Wenzangu walipofika, tukamzunguka.

— Nilimuuliza, akasema. Alinitazama usoni, nikadhani nimemuudhi. Kisha akasema, "Vya safari, baba. Vya watu wanaokwenda mbali. Ulikuwa ukiondoka nasoma, nakisia umefika wapi."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha.

— Wewe ukamwambiaje? Mama Birika akauliza.

— Ningemwambia nini? Nikamsimulia. Ile safari mto ulipofurika, tukalala juu ya magunia siku tatu. Hajawahi kuisikia. Miaka ishirini na minane barabarani, na sikuwahi kumsimulia mwanangu safari hata moja. Vitanda vya jirani navyo vikanyamaza. Nesi alikuja kunitoa, muda umekwisha. Akakaa.

— Na hicho kitabu?

— Kakitoa chini ya mto. Kakimaliza juzi. Kasema, "Kisome, baba, halafu uje tuzungumze." Kinamhusu mwanamke anayepeleka barua kwa miguu milimani.

— Anafika?

— Sijafika huko! Na anayejua mwisho afunge mdomo.

Tangu siku hiyo Breki husoma benchini kila asubuhi, kidole kikifuata mstari, kwa sauti, taratibu. Siku za mwanzo Karani alikuwa akimsahihisha maneno, mpaka Mama Birika alipomtishia kumnyima kahawa. Sasa wateja wangu wanakaa hata wakishanyolewa. Jana daktari kasema mwezi wa nane umeingia, mtoto anacheza vizuri, na kila siku inayoongezeka ni heri.

Leo saa ya kuona wagonjwa ilimkuta Breki katikati ya sura. Mwanamke wa barua yuko mbele ya daraja la kamba, na upande wa pili kuna mtu anamngoja, hatujui ni nani. Tukamwambia aweke kitabu kwapani aende, binti anamsubiri. Akaondoka, lakini hakukifunga. Dereva wa miaka ishirini na minane akaingia barabarani pua imezama kwenye karatasi, hatazami kulia wala kushoto. Pikipiki ikampigia honi, wala hakusikia. Mama Birika akaacha birika, akamkimbilia, akamshika mkono na kumvusha.