Programme Mupya ya Assistant Jérémie

Pale Naviundu, mbele ya lupango ya nyumba ya Mama Honorine, kuko kiti murefu ya mbao. Kila siku ya Samedi asubuhi Mama Honorine anauzisha kahawa, na bazee ba pale banatoa akili ya bure, hata muntu asipoiomba. Ile Samedi, Jérémie alifika na karatasi mu mukono, akakaa ku kiti. Yeye ni assistant ku université, na bakubwa bake balimupatia kazi ya kutunga programme mupya: miaka tatu ya kufundisha balimu namna ya kutumikisha teknolojia mu kalasi. Siku ya Lundi ataipeleka kwa bakubwa. Alikuwa na woga, juu ile aliandika, balimu mingi bataifuata mpaka bazeeke.

— Soma, Assistant, alisema Papa Gérard. Anauzishaka unga, muntu wa Butembo, kule mbali. Banamuitaka Ministre, juu hakosake jibu.

Jérémie alisoma: kutengeneza somo ya video, kutunga mazoezi ya ku tablette, kufundisha bantu benye kuwa mbali.

— Mbali kama wapi?

— Hata Kasomeno, papa. Hata kupita pale.

— Yesu! Mwalimu moja anakaa hapa, anafundisha mpaka Butembo? Na ile barabara ya matope?

— Sauti haipitake mu matope, Raoul alijibu. Ni mutengenezaji wa matelefone; pale jina yake ni Satellite. Na hiyo iko kidogo! Kuko miwani ya mashine: mwanafunzi anaivaa, anajikuta chini mu mine ya Kinsevere. Shaba kuume, shaba kushoto, na bilatu yake haiguse vumbi!

Mama Honorine alisahau kumimina. Thermos ilibaki juu.

— Njo bazee balisemaka, Satellite aliongeza: mugeni siku mbili, ya tatu mupatie jembe.

— Jembe inaingia wapi?

— Mashine njo mugeni. Itumike!

Balicheka. Kisha Ministre akasema polepole:

— Mwalimu wangu wa kwanza alikufa zamani. Kama bangelimukamata mu video, leo angelifundisha bajukulu bangu.

Jérémie aliangalia karatasi yake kama vile iliandikwa na muntu mwingine, mukubwa kumupita.

Mama moja alikuwa anangojea kahawa, sac mu mukono. Jina yake Edith, mwalimu wa kalasi ya kwanza kule Kasomeno, alikuja kuona dada yake.

— Pardon, Assistant. Niko na miaka makumi mbili mu kalasi. Mutoto anarudilia ba, be, bi, miezi mingi, hakuna kitu. Siku moja, paf! Uso yake inafunguka, anasoma. Ile dakika, mu kichwa yake kunapita nini?

Satellite aliangalia telefone yake. Hata Ministre aligeukia Jérémie.

Jérémie aliweka karatasi ku magoti.

— Sijui, mama, alisema. Nilisoma bitabu mingi, na sijui.

Aligeuza karatasi upande yenye haikuandikwa, akakamata kalamu, akamupatia Mama Edith nafasi yake ku kiti, yeye akasimama.

— Nielezee ule mutoto. Anza ku mwanzo.