Maisha ya Muuguzi Nirudishie na Ugonjwa Uliomwondoa

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, poleni na msiba na asanteni kwa kuja. Mimi ni dada yake marehemu, ndiye aliyeniachia ziwa, na familia imenipa kazi hii ya kusoma kwa sababu sauti yangu inafika getini bila kipaza sauti, na pia kwa sababu mimi ndiye wifi wa mjane. Nikifika sehemu ya ugonjwa nitasoma polepole, maana tangu juzi kuna maneno yanatembea humu uani kwamba marehemu alimalizwa na dawa aliyopewa na mkewe, na maneno hayo yamefika mpaka chumbani alikokaa mjane mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma na mama aliyekuwa akiuza mkaa. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza mwaka 1974, na ni mwaka huohuo baba aliporudi kutoka hospitali akatuambia ana upungufu wa damu, nyumba nzima ikaanza kumtafuta mchawi anayemnyonya damu, mpaka mama akaacha kusalimiana na jirani wa upande wa pili. Kaka hakubishana na mtu, alikwenda hospitali kwa miguu akamwuliza muuguzi wa zamu, akaja kutueleza kwamba damu ya baba haijaenda popote, ila haina madini ya chuma ya kutosha. Tulicheka sana, fundi chuma kukosa chuma, na mama akaenda kumwomba jirani radhi.

Baada ya sekondari, aliyoisoma kuanzia mwaka 1975 hadi 1978, alijiunga na chuo cha uuguzi mwaka 1979 na kupata cheti mwaka 1982. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo aliajiriwa katika hospitali kuu, wodi ya wanaume ghorofa ya kwanza, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Aprili 2021, akiwa msimamizi wa wodi.

Wenzake wanajua alivyokuwa. Madaktari wakishapita kitanda kwa kitanda na kuondoka, yeye alivuta kigoda chake, akakaa usawa wa macho ya mgonjwa, akaeleza upya kilichosemwa kwa maneno ya nyumbani, kisha akamwambia, haya, nirudishie, yaani nieleze mimi sasa ulichoelewa, na kama hukurudisha sawasawa alianza upya, hata mara tano, bila kukasirika. Jina la Nirudishie lilitoka hapo, wagonjwa ndio waliompa, na sisi ndugu tukalikuta mjini limeshakomaa.

Kuna mzee aliyepokea majibu ya kipimo yameandikwa hasi, akagawa mashuka yake kwa wagonjwa wenzake akijua ndiyo kwaheri, kaka akakaa naye mpaka akaelewa kwamba hasi maana yake ugonjwa uliotafutwa haukuonekana, na kazi ikabaki ya kuyadai mashuka. Aliwaambia watu kuwa kiharusi si upepo mbaya wala mkono wa adui, ni sehemu ya ubongo iliyokosa damu, kwa hiyo mgonjwa akimbizwe hospitali upesi. Aliwaambia kwamba presha haimpati mwenye hasira peke yake, na kwamba si kila uvimbe ni saratani. Ugonjwa sugu aliufananisha na mpangaji asiyehama, humfukuzi, unaishi naye kwa masharti, nami nilipomwuliza mbona hiyo ndiyo sifa yake mwenyewe pale kwangu alipokuja kulala wiki mbili akakaa miezi saba, alisema mimi sina elimu.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyeshona mapazia ya wodi yake, na nasema hapa mbele ya wote kwamba mapazia yale yalikwenda kupimwa mara nyingi kuliko pazia lolote linavyohitaji. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza, mwalimu, alizaliwa mwaka 1988, wa pili, dereva wa lori, mwaka 1991, na wa mwisho, aliye chuoni, mwaka 2003. Kaka alikuwa mbishi, hakujua kupika, na kuhusu kuimba tumsitiri, lakini mkewe hakuwahi kulala njaa ya maneno.

Sasa naomba mnisikilize. Mwishoni mwa mwaka 2022 alianza kwenda haja ndogo mara kwa mara, mkojo ukitoka kwa shida, kisha mgongo ukamuuma. Alipimwa damu, akakatwa kipande kidogo cha nyama kikachunguzwe, na tarehe 11 Machi 2023 akaambiwa ana saratani ya tezi dume, iliyofika hatua ya nne. Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kila mwanaume aliyekaa hapa anacho, hakuna haja ya kuinama. Hatua ya nne si siku nne wala miezi minne, ni kwamba ugonjwa umeshatoka ulikoanzia, na kwake ulikuwa umeingia kwenye mifupa. Alipewa dawa za kuupunguza kasi, zikasaidia kwa muda, na daktari aliposema hali imetulia sisi tulishangilia, yeye akatuambia kutulia si kupona.

Siku ileile ya majibu alimweleza mkewe hayo yote pale kwenye cherehani, akamwomba arudishe, na wifi yangu akasema, umesema utapona. Alimweleza tena mwezi uliofuata, na mwingine, na jibu likawa lilelile. Wateja wake aliwaambia mume ana mgongo.

Mwezi Novemba madaktari walimruhusu arudi nyumbani kwa tiba shufaa, ambayo si kumtupa mgonjwa, ni kumtuliza na kumtunza pale ugonjwa usipoponyeka, akapewa morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, inywewe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Wifi aliiogopa chupa ile, kwa sababu alimjua mtu aliyepewa dawa hiyo akafa wiki hiyohiyo, kwa hiyo alimpa nusu ya kipimo, siku nyingine hakumpa kabisa. Hakufanya kwa ubaya, aliamini akimpa yote ndiyo anamsindikiza.

Mwezi Desemba, Jumapili moja mchana, niliingia nikamkuta kaka ameuma shuka kwa maumivu, nikamgeukia wifi kwa maneno ambayo mawifi wanayajua, kaka akaninyamazisha kwa mkono. Alimweleza mkewe kwa mara nyingine, kwa sauti iliyokuwa ikikatika, akamwomba arudishe. Wifi akaichukua chupa, akasema:

“Saratani imeingia kwenye mifupa na haitoki. Dawa hii haiponyi na haiui, inatuliza maumivu. Utakufa kwa ugonjwa wako, baba watoto, hata nisipokupa.”

Kaka akamwambia, “Basi nipimie.”

Alimpimia kipimo kamili, na tangu siku hiyo hakupunguza wala hakuzidisha, muuguzi wa tiba shufaa alikuja kila wiki akakagua, na mimi mwenyewe nilikuwepo. Kaka akaanza kulala, akaanza kula kidogo, akakaa mlangoni kwenye kiti akabishana na wapita njia kama zamani, akawaita wanawe mmoja mmoja akaagana nao. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024 alikunywa kipimo kilekile cha siku zote, alasiri pumzi ikapungua, na saa kumi jioni akafariki akiwa kitandani kwake, ameshikwa mkono na mkewe, bila kulia maumivu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, mhudumu wa tiba shufaa aliyekuja hata kwenye mvua, majirani mliotupa maji na viti, na wafanyakazi wenzake mliochangia jeneza. Wazee wa familia walipenda niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi, nikawaheshimu kwa kuwasikiliza, ila mjane ndiye aliyesema nisome kama ilivyokuwa. Desturi ingekuwa mimi wifi niwe wa kwanza kumnyooshea kidole. Kaka yangu ameuawa na saratani ya tezi dume, na atakayesema neno jingine anitafute mimi, nyumba yangu mnaijua.

Pumzika kwa amani, kaka. Mkeo tunaye.