Cheti Kimoja Kilichobaki

Mzee Ildefons Karugendo wa Nshambya anastaafu tarehe 30 Juni 1958, baada ya kuitumikia Shule yetu ya Waganga Wasaidizi miaka ishirini na sita. Alianza kwa kuosha vidonda. Anaondoka akiwa mwalimu wa kufunga bendeji, akifundisha Bukoba wanafunzi wa mwaka wa kwanza na Muleba wale wa mwaka wa mwisho.

Bendeji zilipoadimika wakati wa vita, alifundishia nyuzi za mgomba, na mgonjwa wa mazoezi alikuwa yeye mwenyewe. Jumamosi moja wanafunzi walimfunga kichwa kizima, akasahau, kesho yake akaenda Misa hivyo hivyo. Kufikia jioni majirani walikuwa wamempelekea mkewe, Mama Felicitas, mikungu mitatu ya ndizi ya kumpa pole. Mama hakurudisha hata mmoja.

Kwa mwandiko wake mzuri, ndiye aliyeandika majina kwenye vyeti vya wahitimu wetu wote, mia mbili na kumi na wanne. Cha kwake hakipo. Kazi aliijulia kazini, na mwaka 1949 aliomba kufanya mtihani ili naye atambuliwe. Shule inaendeshwa kwa pamoja na vyuo vikuu viwili vya ng'ambo, na hakuna jambo linalopita bila sahihi za vyote viwili. Chuo cha kwanza kilijibu kwamba kitatia sahihi baada ya mwenzake. Cha pili kikajibu vivyo hivyo. Mimi, karani, niliziweka barua zote mbili katika faili la mambo yanayosubiri, nikaona nimemaliza.

Katika miaka tisa aliniuliza mara moja tu. Nilimwambia bado.

"Haya, mwanangu, wakikubaliana utaniambia," akasema, akarudi darasani.

Nimelifungua faili hilo mwezi uliopita, na nimeona aibu sana. Nimeandika upya kwa vyuo vyote viwili, lakini majibu hayatawahi Juni. Wiki jana alimaliza vyeti vya mwaka huu, kikabaki kimoja kitupu. Alikitazama kidogo, akanirudishia pamoja na wino.

Mzee Karugendo, shule inakushukuru, nami nakuomba radhi. Kapumzike na Mama kwenye migomba na kahawa yenu, mkiwa na afya na wajukuu karibu. Cheti kile nimekifungia kwenye droo yangu. Sahihi zikija, nitakileta Nshambya mwenyewe, na wino nitakuja nao; jina utaliandika wewe.

D. Ndyamukama, Karani