Mpira Uliopita Ukutani

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 1958, Bwana Alfayo Ongeri atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na mitano ya kuwahudumia wagonjwa wa Ogembo, ukihesabu na ile aliyokuwa vitani. Koti litabaki kwenye msumari kwa sababu ni mali ya serikali. Mwenyewe atakwenda nyumbani kwa miguu yake, kwenye migomba na ng'ombe wake, na kwamba anakwenda kwa miguu yake si jambo dogo. Nimeombwa nieleze jinsi ilivyokuwa.

Aliajiriwa mwaka 1933 kufagia zahanati. Akafagia vizuri mno, hata dresa, yaani tabibu msaidizi wa wakati huo, akaona ni afadhali mtu huyu afunge vidonda kuliko kumaliza sakafu. Vita vilipokuja alikwenda Uhabeshi na kikosi cha tiba, akarudi na viatu vinavyolia kila hatua na ujuzi wa kupima presha ya damu. Viatu tulivisikia kila siku. Ujuzi ulikaa bure mpaka mwaka 1947, tulipoletewa kipimo chetu, sanduku la mbao lenye bomba la zebaki, kitambaa cha kufunga mkononi na mpira wa kupuliza.

Watu walikiogopa. Wengine walisema kitambaa kile kinanyonya damu, wengine kwamba serikali inachagua wanaume wa kwenda vita vingine. Aliyekubali kwanza ni Bwana Salat Warsame, mwenye duka la nguo ng'ambo ya barabara, na alikubali kwa kelele. "Daktari, kaza pole pole! Hii ni mkono yangu, si gunia ya mahindi!" Alipotoka akiwa mzima, wengine wakajipanga.

Hapo likazuka tatizo la pili. Kila aliyeambiwa presha yake ni nzuri alishukuru, akaenda zake, asionekane tena. Watu wetu, Wasabato kwa Wakatoliki, walikuwa wameamua kwamba kupimwa ni kama ubatizo, mara moja inatosha. Bwana Alfayo alisema mpaka sauti ikakauka kwamba damu haina ahadi, kwamba iliyotulia mwezi huu inaweza kupanda mwezi ujao na mwenyewe asihisi kitu. Walimwitikia vizuri sana, na hawakurudi.

Yeye alikuwa na sababu ya kung'ang'ania. Baba mkwe wake, mzee mwenye nguvu aliyekuwa akibeba magogo peke yake, alianguka sokoni Nyamarambe akiwa katikati ya kicheko, na hakuinuka. Kijiji kilitafuta aliyemroga. Bwana Alfayo hakubishana na wafiwa, lakini mazishi yalipokwisha alimwomba mke wake, Drusilla, amlete mama yake kwa daktari wa wilaya aliyekuwa amekuja kukagua zahanati. Daktari akampima Mama Bosibori, akaona presha iko juu sana. Akaagiza apimwe kila mwezi bila kukosa, kisha akapanda gari lake akaondoka. Hatukumwona tena mwaka mzima.

Sasa, msomaji wa kwetu ameshaona shida iko wapi. Kwetu kuna ensoni, ile heshima inayomzuia mwanamume kumgusa mama mkwe wake hata kwa kumpa mkono. Sembuse mama alale kitandani, mkono wazi hadi begani, mkwe wake ameinama juu yake! Mama Bosibori alisema ni heri afe na heshima yake. Na mtu mwingine aliyekuwapo zahanati alikuwa mimi, ambaye ni wa ukoo mmoja na Bwana Alfayo, maana yake yule mama ni mkwe wangu pia. Tulikuwa na kipimo kimoja, mgonjwa mmoja, na wanaume wawili ambao hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kumkaribia.

Bwana Alfayo alikaa siku mbili bila kula vizuri. Siku ya tatu alichukua nondo akatoboa ukuta kati ya chumba cha kupimia na stoo. Mama angelala stoo, yeye angekaa huku na zebaki yake, na mipira ingepita kwenye tundu. Wa kumfunga mama kitambaa na kumshikia kisikilizio kwenye kiwiko alikuwa Bi Asli, mke wa Salat, aliyezaliwa Kisii mjini na anayesema Ekegusii kutuzidi baadhi yetu, lakini si mkwe wa mtu yeyote hapa.

Mpira wa kisikilizio ulikuwa mfupi. Tuliunga mwingine mrefu uliokuwapo stoo, na hapa ninamwomba atakayemsomea Mama Bosibori karatasi hii aruke mistari miwili. Ulikuwa mpira wa kuoshea tumbo. Tuliuchemsha sana.

Kwa urefu ule mapigo yalifika yamechoka, kwa hiyo ilibidi pawe kimya. Kuku walifukuzwa. Mimi nilikatazwa kukohoa. Viatu vya Bwana Alfayo vilivuliwa. Hata mafundi wa cherehani kwenye baraza ya Salat waliombwa wainue miguu, wakakubali, na baada ya miezi michache Ogembo nzima ilijua kwamba cherehani zikinyamaza, mama mkwe wa Alfayo anapimwa. Wanawake sokoni wakaanza kuulizana. Kama mama mwenye heshima vile anarudi kila mwezi, na ukuta umetobolewa kwa ajili yake, basi huenda mara moja haitoshi. Wakaanza kurudi mmoja mmoja, kisha wakaja na waume zao. Kazi ambayo maneno yalishindwa ilifanywa na ule ukimya.

Isidhaniwe mambo yalikuwa laini. Daktari alikuwa ameagiza mama apunguze chumvi, na Bwana Alfayo, mkwe mwema aliyezoea kupeleka chumvi kila alipokwenda ukweni, akaanza kupeleka sabuni. Habari ikasambaa mpaka Nyansiongo kwamba mkwe yule amekuwa bahili, na kwamba anawaona wakwe zake wachafu. Mama alimtumia ujumbe kupitia tundu la ukutani kwamba mboga ya chinsaga isiyo na chumvi ni chakula cha mbuzi. Lakini alipunguza, na zebaki ikaanza kushuka.

Halafu ukaja mwezi mmoja wa mwaka 1952. Mama alifika, akalala, na Bi Asli alipotaka kumfunga kitambaa akauficha mkono chini ya leso. Bi Asli akaweka mdomo kwenye tundu. "Mama amekataa. Anauliza, wewe unapimwa na nani?"

Bwana Alfayo alijibu kwamba yeye ni mzima. Kukawa na mazungumzo ya Ekegusii upande wa pili, kisha jibu likaja. "Anasema hata mzee wake alikuwa mzima. Anasema binti yake hawezi kuwa mjane kama yeye. Hatoi mkono mpaka utoe wako."

Mafundi walikuwa wameinua miguu, wanangoja. Bwana Alfayo akanitazama kwa hasira, akakunja mkono wa koti. Nikamfunga, nikapuliza, nikasikiliza. Nikarudia. Akasema kipimo kimeharibika, kwa hiyo tukamrudishia Bi Asli kitambaa, mama akapimwa, na kwa mama kipimo kilikuwa kizima kabisa. Presha ya Bwana Alfayo ilikuwa juu kuliko ya mama siku ile ya kwanza mbele ya daktari. Niliogopa sana. Mtu huyu alikuwa amepima mikono ya wilaya nzima, na mkono wake mwenyewe haukuwahi kuguswa.

Tulimpeleka hospitali siku iyo hiyo kwa lori la Salat, akalazwa majuma kadhaa. Daktari alisema angechelewa mwaka mmoja zaidi tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Drusilla alipofua lile koti jeupe alikuta mfukoni kikaratasi kilichokunjwa vizuri, chenye chumvi. Mhubiri wetu wa kupunguza chumvi alikuwa akijiongezea mezani, akidhani Mungu haoni. Mungu sijui, lakini mama mkwe wake aliona, tena kupitia ukutani.

Tangu siku hiyo wanapimwa wote wawili, kila mwezi, mama kwanza, mkwe baadaye, na mama haondoki stoo mpaka asomewe namba ya mkwe. Hawajawahi kushikana mikono. Sijui watu wawili wanaolindana kuliko hao.

Bwana Alfayo, zahanati inakushukuru. Wanaokuja sasa bila kusukumwa ni wengi kuliko viti vyetu. Usihofu juu ya mama. Dresa mpya amefika, na swali la kwanza tulilomuuliza halikuwa la shule bali la ukoo. Hatuhusiani naye kabisa. Hata hivyo mama amesema tundu lisizibwe, kwa kuwa mkwe wake atakuwa anarudi kila mwezi, na yeye atataka kusikia.

Wageni wanaarifiwa kwamba siku ya sherehe, baada ya hotuba na kabla ya chai, vikombe viwekwe chini na kila mtu anyamaze. Cherehani zitasimama. Mama Bosibori atapimwa kwa masikio ya mkwe wake mara ya mwisho, kisha mkwe atakunja mkono wake. Namba zote mbili zitasomwa kwa sauti, na tunajua tayari ipi itakuwa nzuri zaidi.

Ndiyo maana, Bwana Alfayo, hatutakuombea utajiri wala miaka isiyo na idadi. Tunakutakia maisha mema, na presha ya mama mkwe wako.

Okemwa,
kwa niaba ya wenzako wote wa zahanati