Profesa Aliyekataa Kuitikia Shikamoo Yangu

Mama zangu na dada zangu wa kikundi hiki cha wajane, mmenipa nafasi na nitaitumia yote, kwa hiyo aliyeacha maharage jikoni akaepue kwanza.

Desturi yetu hapa Elerai ni mtu kueleza yaliyompata bila kutaja majina. Mwenyekiti amenivuta kanga sasa hivi kunikumbusha. Mwenyekiti, nakuheshimu, lakini mimi nitataja. Walionidhalilisha walilitaja jina langu mbele za watu, tena kwa sauti, na hakuna aliyewavuta shati. Majina ya ukoo nitawaachia. Ya ubatizo nitayasema.

Nilizaliwa mlimani, juu ya Kikatiti, pale barabara ya gari inapoishia na vijia vya migombani vinapoanza. Nyumbani tuliongea Kimeru. Baba Kimeru, mama Kimeru, hata ng'ombe tulimfokea kwa Kimeru. Kiswahili nilikikuta shuleni, kama mtu anavyokuta mgeni kakalia kiti chake.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzi juzi, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Jina lake Anaeli. Mmeru mwenzetu, mtoto wa mlima ule ule. Alitaka shule yetu iwe ya kwanza tarafa nzima, na aliona kinachoturudisha nyuma ni Kimeru. Basi akaleta mfupa. Taya la ng'ombe, limetobolewa, limetiwa kamba ya katani. Ukisikika unaongea Kimeru, unavishwa shingoni. Unakaa nao mpaka umkamate mwenzako akiteleza, umchongee, mfupa uhamie kwake. Atakayekutwa nao jioni anachapwa.

Naona mnacheka, nyie Wamaasai na Wairaqw mliokaa kule. Mnaujua. Wengine mlivishwa kibao, wengine gunia. Haya, cheka mama, ni wetu sote.

Mimi niliupata kwa sababu ya siafu. Tulikuwa mstarini, nikaona siafu wanapanda mguu wa rafiki yangu. Nikamwambia haraka, na mtu akiwa na haraka anaongea lugha ya mama yake. Mwalimu Lazaro, mwalimu wa zamu, akanisikia. Huyo ni wa pili kwenye majina yangu. Aliona siafu, aliona mtoto anavyorukaruka, na bado akaenda kuleta mfupa.

Ndugu zangu, nawaambia, mfupa ule haukuwa mzito. Uzito ulikuwa kwenye kuuondoa. Ili nitoke, ilinipasa nimchongee mwenzangu. Sikuweza. Nikabaki nao. Kesho yake nao, na keshokutwa nao, mpaka ukanuka kama mimi na mimi nikanuka kama wenyewe. Siku mkaguzi alipokuja kutoka wilayani, Mwalimu Mkuu Anaeli akanisimamisha mbele ya shule nzima. "Mwambie mgeni jina lako na kwa nini umevaa hicho." Nikafungua mdomo. Halikutoka neno. Ulitoka mkojo.

Sikurudi tena shuleni. Darasa la tatu ndiyo elimu yangu. Baba alisema afadhali, kuna majani ya ng'ombe ya kukata.

Msije mkadhani sikujifunza Kiswahili. Nilikijua cha sokoni, cha kupunguza bei na cha kugombana. Nikiwa nimekaa, nikiwa na kitu mkononi, naongea kuliko redio. Lakini nisimamishwe mbele za watu, shingo inakumbuka. Inakaza kama kuna mtu ameshika kamba nyuma.

Nikaolewa na Zakayo, mume mwema kabisa, Mungu amweke pema. Alikuwa na kihamba chake, yaani lile shamba letu la mlimani lenye kahawa na migomba na nyumba katikati. Tulilitunza wote wawili. Akafa. Udongo wa kaburi haujakauka, mdogo wake akaitisha kikao cha ukoo. Jina lake Elibariki. Andikeni huyo.

Elibariki alijua tatizo langu. Kwenye misiba aliniona nikiombwa kutoa neno na kukimbilia jikoni. Kwa hiyo alifanya akili. Akamwalika mtendaji, mtu wa Singida asiyejua Kimeru, ili kikao kizima kiwe cha Kiswahili na kila anayeongea asimame. Nikaitwa nisimame.

"Shemeji, wazee wanakusubiri," akasema, sauti ya asali. "Eleza wewe na marehemu mlipanda nini."

Nikasimama. Shingo ikakaza.

"Sema basi hata moja. Kahawa? Ndizi? Au mlipanda ukimya?"

Watu wakacheka. Wanaume niliowapikia kwenye msiba wa mume wangu wakacheka. Elibariki akawageukia: "Mnaona wenyewe. Mtu asiyeweza kutaja shamba ataliangaliaje?" Na mzee Ndekirwa, ambaye ndiye aliyetupimia mpaka siku tunaoana, akatazama viatu vyake.

Hivyo ndivyo nilivyoshuka mlimani na mwanangu Eliya na sufuria zangu. Nikaja mjini, soko la Daraja Mbili, kuuza ndizi. Nyinyi mnajua yaliyofuata, kwa sababu wengine mlinilaza chini kwenye vyumba vyenu, na mama yule mwenye kilemba cha kijani alinipa godoro la mtoto wake. Sitaeleza. Nikieleza nitalia, na leo sikuja kulia.

Nilikuja kuwaeleza jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria nywele zinanisimama.

Siku moja asubuhi nimepanga ndizi zangu za mshare pale sokoni, akaja mzee mrefu, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine ameficha kitu ndani ya koti. Nikamwamkia kibiashara.

"Shikamoo mzee. Mshare hii imekomaa vizuri."

Kimya. Nikadhani masikio yamechoka.

"Shikamoo mzee!"

"Nimekusikia, mwanangu. Sina haki ya kuitikia."

Akatoa mkono ndani ya koti. Alikuwa na jani la isale.

Kwa wale wasio wa kwetu, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu, unachuma jani la mmea huo unampelekea. Ukishafika nalo mlangoni hakufukuzi. Atakusikiliza mpaka umalize. Huletwa na mdogo kwa mkubwa, mara nyingi. Mimi sijawahi kuona mzee wa mvi akimletea muuza ndizi.

Jirani yangu wa meza, Mama Saidi, haelewi mambo ya mlimani. Akapiga kigelegele. "Makubwa! Mama Eliya, umeletewa posa! Babu, mahari yenyewe ndiyo hilo jani?"

Mzee hakucheka wala hakukasirika. Akasema, "Mimi ni Anaeli. Nilikuvisha mfupa."

Nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia mikungu. Nashukuru nilikiweka chini mwenyewe kabla mkono haujafikiri.

Sasa sikilizeni mtu huyu ni nani. Baada ya shule yetu alichukuliwa kwenda kusoma, akaenda hadi Ulaya, akarudi, akawa profesa wa elimu chuo kikuu. Maana yake alifundisha walimu, na wale walimu wakaenda kufundisha walimu wengine. Baadaye akapewa kuongoza sekondari kubwa, watoto wa mawaziri wakisimama akipita. Kwetu mlimani kanisani anawekewa kiti cha mbele, na asipokuja kiti hakikaliwi. Huyo ndiye aliyekalia kreti la soda lililopinduliwa, kwenye matope ya Daraja Mbili, akiniangalia kutoka chini.

Akaniambia, "Nimefundisha maisha yangu yote kwamba mtoto apokelewe shuleni kwa lugha ya mama yake. Nimeandika. Nimepigiwa makofi. Siku moja mwanafunzi akaniuliza, 'Profesa, na wewe shuleni kwako ulifanyaje?' Nikamjibu swali jingine. Nimestaafu, nimekaa kwenye kahawa yangu, na swali lile limekaa na mimi."

"Kwa hiyo umekuja upate usingizi," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Na hilo pia."

Alikuwa anazunguka, ndugu zangu. Mzee wa miaka ile, na fimbo, anapanda na kushuka mlima kutafuta kila mtoto aliyemvisha mfupa. Wengine aliwakuta makaburini, akaliacha jani pale. Mmoja alimfungulia mbwa. Mwingine alicheka, kumbe hakumbuki kitu, akampa chai. Mimi nilikuwa sipatikani kwa sababu Elibariki alimwambia nimehamia Tanga. Hata hilo alidanganya. Mzee akaendelea kuulizia mpaka akanipata sokoni.

Nililipokea jani. Sikusema nimesamehe. Nilisema, "Mwalimu, hiki ulichonivalisha shingoni bado kipo. Kitoe wewe mwenyewe. Nifundishe kusimama."

Hapo profesa akalia. Mama Saidi naye akalia, bila kujua analilia nini.

Basi akawa anakuja. Nilitegemea ubao na chaki. Hakuna. Aliniambia, "Menya ndizi zako, nieleze habari ya kihamba kwa Kimeru, mwanzo hadi mwisho, ukiwa umekaa." Nikaeleza. Akarudi akasema nieleze tena. Mpaka hadithi ikawa inatoka yenyewe kama maji ya mfereji. Ndipo akasema sasa eleza umesimama, lakini umeshika kisu na ndizi. Halafu bila kisu. Halafu kwa Kiswahili. Yeye siku zote alikaa chini yangu. Akaleta Mama Saidi akae. Akaleta wauza nyanya. Kila mara kichwa kimoja kinaongezeka.

Alinikatiza mara moja tu. Nilikosea neno, akalirekebisha katikati. Mwalimu ni mwalimu. Nikamwambia, "Toka." Wateja wakashangaa, yule mama anamfukuza profesa! Akachukua fimbo yake akaondoka. Kesho yake nilimkuta ameshafika kabla sijapanga meza. Akasema, "Nimekuja kusikia mwisho wa ile sentensi." Nami bila kufikiri nikamwamkia, naye bila kufikiri akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Tukaendelea na kazi.

Ndipo nikaenda kwenye baraza la kata kudai kihamba changu.

Elibariki alikuja na koti jipya na kundi lake. Mimi nilikuja na Eliya na Mama Saidi, na profesa nyuma yetu. Kumbe mwenyekiti wa baraza alikuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Akasimama, akamwita mbele. "Profesa, shikamoo. Karibu kiti. Tunaomba wewe utueleze suala la huyu mama, tusipoteze muda."

Jamani. Angesema neno moja, ningeshinda. Nilimtazama, moyoni nasema sema mzee, sema, niokoe. Elibariki alishaanza kutoka jasho.

Profesa akabaki kwenye benchi la nyuma. Akasema, "Mwenye shamba yupo. Nimekuja kumsikiliza."

Nilimchukia wakati ule, nawaambia ukweli. Nilimchukia kuliko siku ya mkaguzi. Nikasimama. Shingo ikakaza, ile ile. Elibariki akaona, akatabasamu. "Shemeji, tumerudi kulekule kwetu, kwenye ukimya."

Watu wakaanza kucheka. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kimeru.

Nikaeleza kwa Kimeru. Mti wa kwanza wa kahawa tulipoupanda na mvua iliyokuwa inanyesha. Migomba ya mpakani na nani alituletea miche. Mwenyekiti akataka kuninyamazisha, karani akasema haelewi. Sikunyamaza. Nilipofika mwisho nikavuta pumzi, nikarudi mwanzo, nikaeleza yote tena kwa Kiswahili, neno kwa neno, nimesimama, mikono mitupu. Hakuna aliyecheka. Na nilipofika kwenye mpaka, nikamtaja aliyeupima. Mzee Ndekirwa akainuka kwa shida, akasema, "Ni kweli. Niliupima mimi. Nilinyamaza vibaya."

Baada ya hapo majirani wakaanza kusimama mmoja mmoja, hata waliocheka kwenye kikao cha ukoo. Elibariki akaona pande zote zimefungwa, akakubali mbele ya baraza kuniachia sehemu ya juu, yenye nyumba na kaburi la Zakayo. Ya chini bado anang'ang'ania, na nimempeleka wilayani. Huyo sijamsamehe. Msiniombe. Hajaja kuniangalia kutoka chini, na akija nitaamua siku hiyo.

Lakini Anaeli nimemsamehe, na zaidi ya kumsamehe, namshangaa. Nimeona mapadri na wachungaji na wakubwa wa mikutano. Sijaona mtu aliyefika juu vile akarudi kwa miguu kuwatafuta aliowakanyaga wakati anapanda. Na tena akawa na nguvu ya kukaa kimya siku ambayo kuongea kwake kungempendeza kila mtu, mimi wa kwanza. Sijui kama mimi ningeweza. Sidhani.

Nawashukuru nyinyi mlionilaza. Namshukuru Mama Saidi, ambaye si mjane na anasema hataki kuwa, asubiri kwanza mumewe amalize kujenga. Nawashukuru wauza nyanya walionisikiliza hadithi ile ile mpaka wakaijua kuliko mimi.

Somo langu ni dogo. Anayetaka kukusaidia kwa kukusemea, mshukuru, halafu mwombe akae. Na anayekaa akakusikiliza mpaka mwisho, huyo mshike, ni wachache.

Mama uliyefika leo kwa mara ya kwanza, uliyejifunika shuka jekundu, nimekuona unavyotikisa kichwa kila nikitaja shemeji. Mwenyekiti ameniambia Kiswahili hukipendi. Njoo hapa mbele. Ongea Kimaasai chako. Sielewi hata neno, lakini nimeshakaa, unaona? Nimekaa chini. Anza.