Misumari Kumi na Moja ya Mama Vifungo

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mtunza maabara wetu atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Shule nzima, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi wa getini, humwita Mama Vifungo. Sababu ya jina hilo lazima ielezwe hapa, kwa kuwa mumewe bado anadai haki yake.

Alianza kazi akiwa mfagizi. Cheti cha kidato cha nne hakuwa nacho. Kemia ilimwangusha, na hakuwahi kuelewa kwa nini. Asubuhi moja alikuwa akifagia veranda ya maabara, akamsikia mwalimu wa wakati huo akifundisha habari za atomu, na ufagio ukasimama. Lilikuwa swali lile lile lililomwangusha. Kwenye mtihani wake yeye alijibu kwamba atomu hupata chaji chanya kwa kuongezewa protoni. Kumbe protoni zimetulia kwenye kiini, hazihami; zinazokuja na kuondoka ni elektroni. Atomu ikipoteza elektroni moja, protoni zinazidi kwa moja, na hapo ndipo chaji chanya inapotokea. Anasema aliilaani miaka minane iliyopotea, kisha akamalizia kufagia.

Miaka mitatu baadaye alihamishiwa ndani, kuosha vyombo vya maabara. Akakuta wanafunzi wanarudia kosa lake neno kwa neno, na hilo hakulivumilia. Alichukua ubao wa dawati lililovunjika, akagongelea misumari kumi na moja katikati, akakunja ncha zake kwa nyuma ili asiwepo wa kuing'oa. Hizo ndizo protoni za sodiamu. Kuizunguka akaweka kulabu: mbili, kisha nane, kisha moja ya nje, na kwenye kila kulabu akatundika kifungo cha shati. Hizo ni elektroni. Misumari kumi na moja, vifungo kumi na moja: chaji hakuna. Ondoa kifungo cha nje, hesabu tena: chanya moja. Ubao wa pili, wa klorini, una misumari kumi na saba na vifungo kumi na saba. Ukiupa kifungo kile ulichokiondoa, vinakuwa kumi na vinane, na chaji ni hasi moja. Vifungo vyote ishirini na vinane vilitoka kwenye mashati ya mumewe, dereva wa lori, ambaye wiki nzima alikwenda kazini kajifunga shati kwa pini.

Kisha likaja agizo: asiye na cheti asifanye kazi maabara. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Waliomwona wakati huo walidhani atarudi kwenye ufagio kimyakimya. Hawakumjua. Alijiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, akafanya mtihani chumba kimoja na binti yake wa kumzaa. Binti akafaulu, mama akashindwa hisabati. Mwaka uliofuata akarudi peke yake, akakaa katikati ya watoto wa watu, na safari hii akatoka na cheti mkononi. Alama yake ya kemia ilimpita binti, na hadi leo jambo hilo halizungumzwi nyumbani kwao wakati wa kula.

Mimi ninayeandika haya ni mwalimu wa kemia, na sina pa kujificha. Wiki yangu ya kwanza hapa, kwa kiherehere cha ugeni, nilichora sodiamu yenye chaji chanya nikaipa protoni kumi na mbili. Nyuma ya darasa kikasikika kikohozi. Nikaendelea. Kikaja cha pili, kirefu zaidi, na wanafunzi wakaanza kucheka, maana wao walikwishajua kinamaanisha nini. Nilihesabu upya, nikaona aibu, nikafuta. Baada ya kipindi Mama Vifungo, kumbe ndiye aliyekohoa, aliniletea ubao wake na kikombe cha chai. Nimefundishia ubao huo tangu siku hiyo.

Rasimu ya wasifu huu nilimpa aisome, kama ninavyompa kila kitu. Nilikuwa nimeandika kwamba yeye ndiye protoni ya maabara yetu, nikajiona nimesema jambo. Ikarudi na wino mwekundu: "Mwanangu, umeanza tena. Protoni ikitoka, atomu inakuwa kitu kingine kabisa. Mimi naondoka Ijumaa, na Jumatatu nataka hii iwe maabara ile ile. Niandike elektroni, basi."

Nimerekebisha, ingawa kwa shingo upande.

Mama Vifungo, tunakushukuru kwa kila chombo ulichoosha na kila kosa ulilokataa kulipitisha. Upate afya, upate usingizi wa kutosha, na siku zako zote ziwe njema. Zawadi yetu utaikuta kwenye bahasha: ni kifungo cha nje cha sodiamu, kirudi kwenye shati la mwenyewe, mumeo. Misumari iko pale pale, yote kumi na moja. Kulabu ya nje tutaiacha tupu kwa muda, na Jumatatu kidato cha pili watahesabu wenyewe.