Mdudu Asiyesikia Dawa

Asalaam aleikum, na nyie Wakristo, Bwana asifiwe. Ahsanteni kwa kuacha madirisha wazi. Sisi tuliougua kifua hatudanganyani kuhusu hewa.

Mimi nina duka la vitenge, kata ya Kashaulili. Nilikohoa, nikakonda, nikapimwa: kifua kikuu. Kipimo kikasema dawa za kawaida zitatosha. Ndugu zangu, nawaambia, nilizimeza zote, hata siku zilizonitapisha. Kikohozi kikabaki palepale.

Hapo maneno yakaanza. Muuguzi akaniuliza, "Mama, hizi dawa unameza kweli?" Nyumbani, mama mkwe akawa ananisimamia kila asubuhi. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Mimi, mke wa mtu, nakaguliwa kama mtoto aliyeiba sukari! Mume wangu naye, siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba anapekua jalala kwa kijiti. Anatafuta vidonge, eti nimevitupa. Nilijua.

Na mimi nikawashuku wao. Wifi akinipakulia chakula, nanusa kwanza. Dawa zenyewe nikaziona bandia. Nyumba nzima tukawa tunaviziana.

Daktari mmoja akatuelekeza maabara kubwa nje ya mkoa. Tukasafiri, mimi na mume wangu. Nikatoa makohozi, na dada wa maabara akatueleza: "Vinasaba vya mdudu humu ni haba mno. Tunavirudufu, tupate nakala nyingi, halafu mashine inasoma vipande virefu kwa mkupuo, bila kuvikatakata."

Nikashtuka. "Kurudufu? Mnauzidisha ugonjwa wangu?"

"Hapana, mama. Mdudu tunamuua kwanza. Tunanakili maandishi yake tu."

"Na nakala zikichanganyika na za mgonjwa mwingine?"

Hakukasirika. "Inaweza kutokea. Ndiyo maana tunapima na maji matupu pembeni. Maji yakitoa jibu la mdudu, tunajua tumechafua kazi."

"Basi mimi nipimeni mara mbili."

Wakanipima mara mbili. Majibu yakafanana: mdudu wangu alikuwa sugu kwa dawa moja, ambayo kile kipimo cha kwanza hakikuiangalia kabisa. Tulipoyarudisha kwa yule daktari, akamgeukia mume wangu. "Huenda mkeo aliambukizwa mdudu ambaye tayari ni sugu. Sina sababu ya kusema hakumeza dawa."

Mume wangu akalia palepale kwenye benchi, watu wanaona.

Nikabadilishiwa dawa. Pole pole kikohozi kikakatika, mwili ukarudi. Mama mkwe alinifuata dukani, akasema mbele ya wateja, "Mwanangu, nilikudhulumu." Wallahi, siku ile nilifunga duka mapema.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na dada wa maabara aliyevumilia maswali yangu. Ndugu zangu, mgonjwa akiwaambia anameza dawa na hapati nafuu, msimfanye mshtakiwa. Mpelekeni apimwe upya. Na wewe mgonjwa mwenye wasiwasi, usiende kununa nao nyumbani. Uliza hukohuko, wakuchoke. Mimi walinichoka, na leo nasimama mbele yenu napumua.